Kanyaga Kidogo, Sifiwa Sana

Sogea karibu, rafiki yangu. Nitakufundisha namna ya kufanya safari ya baiskeli ya hisani mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, uwachangishie pesa watu wenye ulemavu, usifiwe kuanzia Isiolo mpaka Meru, kisha ulale usingizi magoti yako yakiwa mazima. Mahitaji ni machache: baiskeli ya kuazima, fulana iliyochapwa jina lako, simu yenye kamera nzuri na ndugu mmoja mwenye ulemavu. Huyo ndugu ndiye wa lazima. Baiskeli tutaijadili.

Tuseme unaye, naye ni dada yako mkubwa. Polio ilimpata utotoni, na sasa ana baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Kila asubuhi maziwa ya ngamia yanapoingia mjini kutoka malishoni, yeye hufunga madumu nyuma ya kiti na kuyafikisha kwenye mabasi ya Nairobi, ili watu wa Eastleigh wapate chai ya maana. Hupita kwenye mchanga, mawe, mbuzi na vijana wa boda boda waliojinyoosha juu ya pikipiki zao. Wenzake wa Busia huvusha magunia mpakani kwa baiskeli za aina hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kuwachapia fulana. Kazi ya dada yako haina bango wala mgeni rasmi, kwa hiyo kwa sheria ya mtandaoni haijafanyika. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Hatua ya kwanza: gundua kwamba unampenda

Kumpenda dada kimyakimya, kwa kumshikia mlango na kumjazia upepo tairi, ni mapenzi yasiyo na shahidi. Mpende kwa tarehe maalumu, hadharani, kwa herufi kubwa. Andika: "Dada yangu, shujaa wangu." Kisha tafuta picha. Ile anayocheka huku akihesabu noti haifai, itawachanganya wachangiaji. Chagua iliyopigwa kutoka juu, yeye akitazama chini, jua la saa saba likimkunja uso. Mwoneshe shangazi. Akitoa machozi, irushe.

Ruhusa usiombe. Ukimwomba atakuuliza, "Mdogo wangu, hizo pesa ni za kununulia nini?" na swali hilo limeua safari nyingi kabla hazijapata hata jina. Mwambie mambo yakishaiva, mbele ya mama na wageni, ili heshima imzuie kukupinga.

Hatua ya pili: unda kamati, na ikutane ghorofani

Hoteli za chini zina vumbi na wasikilizaji. Ghorofani kuna upepo, viti vya kuzama, chai ya maziwa ya ngamia na sahani ya nyama ya nyirinyiri. Tena kuna ngazi. Hakuna katibu aliye bora kuliko ngazi: humzuia dada yako na wenzake wasije kuvuruga ajenda, na hazidai posho.

Sheria isikutishe. Ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha ili yafikike, na wenye matatu wakapewa miaka 2. Nenda stendi, tazama mlango wa matatu yoyote, halafu uniambie hiyo miaka 2 ilianza kuhesabiwa lini. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, ikasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali popote na kutumia usafiri wa umma, kwa kiasi kinachofaa. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Ngazi za hoteli hazikusoma hata moja kati ya hizo.

Hamtakosa mjumbe mkorofi wa kusema, "Mbona mwenyewe hatujamwita?" Kubalianeni naye papo hapo. Waiteni vijana wanne wambebe dada mpaka juu kama kabati jipya, yeye akipigana na buibui lake lisipande, nanyi mpige picha. Aibu itakuwa yake, picha itakuwa yenu, na kikao kijacho atasema ana kazi.

Mwenyekiti ni wewe. Mweka hazina ni binamu yako, yule unayemdai, maana ana sababu ya kukusikiliza. Namba ya kupokelea michango iwe ya M-Pesa yako mwenyewe; akaunti ya benki inataka sahihi tatu na subira. Mwandishi wa risala mpe takwimu moja tu, lakini iwe nzito. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 918,270 wenye ulemavu miongoni mwa walio na umri wa miaka 5 na zaidi, asilimia 2.2, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na shida ya kutembea ikiongoza nyingine zote. Aisome namba nzima, mpaka ile sabini ya mwisho. Watu hupenda namba iliyohesabiwa mpaka mwisho. Kisha nunueni viti vitatu vya magurudumu.

Hatua ya tatu: chagua njia inayoteremka

Hapa wajanja na mabwege huachana, kwa hiyo tutulie kidogo.

Mji wa Isiolo uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Timau, kwenye barabara ya Nanyuki, iko juu ya mita 2,000. Katikati pana mwinuko ambao malori huupanda yakilia. Bwege huondoka Bulla Pesa alfajiri, hupita lango la Lewa akiwa bado anatabasamu, na anapofika njia panda ya Subuiga, pale wa Meru wanapokwenda kushoto na wa Nanyuki kulia, ameshasahau safari ilikuwa ya nani. Wewe anzia Timau, uteremke. Iite "Safari ya Kurudi Nyumbani." Jina ni la kweli na lina huruma ndani yake. Mchangiaji wa Nairobi huona umbali. Mwinuko hauoneshwi kwenye bango.

Kwa njia hiyo utahitaji breki kuliko mapafu. Kagua raba zake kabla hujaondoka, na usizibane mfululizo mteremko mzima: ringi ikichemka, tyubu hupasuka, na safari ya kurudi nyumbani ikageuka ya kwenda hospitali. Bana, achia, bana tena. Utaondoka Timau ukitetemeka ndani ya sweta kando ya mashamba ya ngano, na utaingia Isiolo shati limekushika mgongoni. Jasho lile ni la hali ya hewa tu, lakini kamera haibagui.

Ukipita Lewa, inua kofia. Pale tangu mwaka 2000 watu hulipa pesa ili wakimbie marathoni katikati ya vifaru, na hutoka sehemu mbalimbali za dunia kuja kufanya hivyo. Hilo likufunze kwamba mwanadamu atalipia mateso ya aina yoyote, mradi mwishoni kuna medali. Agiza medali. Agiza nyingi kuliko waendeshaji.

Labda wewe una tamaa zaidi, unataka kuandikwa magazetini. Basi tamka Moyale. Ni kama kilomita 500, na neno lenyewe hufanya watu wa Nairobi washike kifua. Kwa miaka mingi lami ilikomea hapa Isiolo, mbele ikawa kokoto, vumbi na dua. Leo lami imefika Moyale, jambo ambalo kimaendeleo ni jema na kwa wenye visingizio ni msiba. Hata hivyo bado tuna upepo, jua na majina marefu: Merille, Laisamis, Logologo, ndipo Marsabit, na hapo hujafika nusu ya kuchoka. Wewe tangaza Moyale, kanyaga hadi Archers Post, kilomita kama 35, ule mbuzi karibu na Ewaso Nyiro, kisha utoe taarifa kwamba hali ya usalama huko mbele haikuruhusu. Nairobi haitauliza. Nairobi huamini lolote kuhusu kaskazini. Wa kuogopa ni jamaa zako wa Marsabit, watakaopiga simu kuuliza ni usalama gani huo, maana wao muda huo wako sokoni wanachagua nyanya.

Hatua ya nne: hawa usiwaige

Kuna watu waliotuharibia kazi hii, nami sina budi kuwataja.

Wa kwanza ni Zachary Kimotho. Mwaka 2012 alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, umbali wa kama kilomita 4,000, ili Wakenya wachange shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwahudumia walioumia uti wa mgongo. Kila mchango ulikuwa wa kumrudisha nyumbani. Yaani alibuni safari ambayo ikifaulu inakatishwa! Wazo hilo nalivulia kofia, na sehemu ya kukatisha tuichukue kama ilivyo. Lakini alilifuatisha na mambo mawili ya hatari. Alisukuma magurudumu mwenyewe, kwa mikono yake, kwenye barabara kuu yenye malori. Na alisema tangu siku ya kwanza ni kitu gani pesa zile zingejenga. Ukitaja kitu, watu watakuja kukitafuta.

Wa pili ni Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Huyu alisafiri kwa baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town. Hebu fikiria. Kiti cha nyuma cha baiskeli ya watu wawili ndicho kiti kitamu kuliko vyote vilivyowahi kuundwa na binadamu: wa mbele hana macho kisogoni, hawezi kujua kama unakanyaga au unahesabu mawingu. Sidialo alipewa kiti hicho, kwa uhalali kabisa, bara zima likiwa mbele yake. Akakanyaga. Siwezi kueleza.

Wa tatu yuko mbali kidogo. Rick Hansen wa Kanada, kati ya 1985 na 1987, alisukuma kiti chake cha magurudumu zaidi ya kilomita 40,000 katika nchi 34 na kukusanya dola milioni 26. Watu wa namna hii hupandisha bei ya ushujaa mpaka sisi wengine tunashindwa kuumudu.

Utaona kwamba wote watatu ni watu wenye ulemavu, na wote watatu ndio waliosafiri. Katika mfumo wetu msafiri ni ndugu mwenye miguu. Mwenye ulemavu yuko kwenye bango. Ukichanganya nafasi hizi mbili, utajikuta unatakiwa kukanyaga.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Andaa mwiba. Isiolo haina uhaba wa migunga, na mwiba mmoja mzuri, mrefu, mweupe, uliotiwa mfukoni tangu jana, una thamani kuliko mafuta ya misuli. Kanyaga kilomita mbili za kwanza kwa nguvu zako zote, maana huko ndiko kamera ziliko. Msafara ukishatawanyika, tafuta kivuli kipana, shuka, utazame kulia na kushoto, uchome. Pancha! Mwaga lawama kwa barabara. Gari la Probox linalokufuata litasimama, baiskeli itapanda juu ya keria, wewe utapanda ndani, na dereva utamnunulia soda ili awe na kumbukumbu fupi.

Epuka fundi mwenye bidii. Kuna kijana kila kituo ambaye kabla hujamaliza kulalamika ameshatoa tyubu, amebandika kiraka na anapampu. Mlipe asipampu.

Kilomita mbili za mwisho unarudi juu ya tandiko. Jimwagie maji kichwani, si mwili mzima; ukilowa mpaka viatuni watu watauliza kama kulinyesha, na Isiolo mvua huwa na tarehe zake ambazo kila mtu anazikumbuka. Ingia Bulla Pesa polepole, mdomo wazi, mkono mmoja juu. Watoto watakukimbilia. Watoto wa Bulla Pesa hukimbilia chochote chenye magurudumu, lakini kwenye video itaonekana ni mapenzi.

Sasa tatizo halisi la siku hiyo, ambalo waongozaji wengine hawatakwambia: dada yako atataka kuja.

Atasema hivyo usiku wa kuamkia safari, kwa sauti ya kawaida, akiwa anatia grisi mnyororo. "Na mimi nitaendesha." Mwambie mteremko wa Timau ni hatari kwa baiskeli ya magurudumu matatu yenye breki moja, na hapo utakuwa umesema kweli, jambo lisilo la kawaida katika kazi hii. Atakubali. Atasema, "Basi nitapanda kutoka huku, tukutane njiani." Utacheka. Mama atacheka. Yeye hatacheka.

Usipuuze. Mikono iliyosukuma madumu ya maziwa miaka yote hiyo haina habari na mwinuko wako. Inawezekana sana ukawa umekaa ndani ya Probox, dirisha limefunguliwa nusu, unakula miraa ya Meru uliyonunua Subuiga, ukamwona mbele yako upande wa pili wa barabara, amejifunga kilemba, anapanda. Hapo usipoteze sekunde. Mwamuru dereva asimame kabla hajakutambua, shusha baiskeli, mwagia uso maji, na ujitokeze nyuma ya lori ukihema. Atakutazama. Atatazama tairi lako ambalo halina upepo hata chembe. Atafungua mfuko wake wa vifaa, atoe kiraka na gundi, na kwa muda mfupi tairi litakuwa zima. "Twende, mdogo wangu," atasema.

Hapo mwongozo wangu hauna msaada. Itakubidi ukanyage mpaka nyumbani.

Hatua ya sita: sherehe ya kukabidhi

Mgeni rasmi atachelewa, kwa hiyo mialiko iseme saa tatu ili aje saa saba. Waliokuja kupokea msaada wawekwe juani mbele, ili waonekane. Turubai ni la wageni.

Nunua viti vya magurudumu vya hospitali, vinavyong'aa, vya saizi moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa viti vya magurudumu mwaka 2008, nao una hatua nane: kumpokea mtu, kumchunguza, kuamua kiti kinachomfaa, kutafuta pesa na kuagiza, kukiandaa, kumpimia, kumfundisha, kisha kumfuatilia na kukarabati. Nane! Mgeni rasmi angeota mizizi. Wewe mkalishe mtu, piga picha, mwambie asante. Kwamba kiti kipana kinampinda mgongo, kwamba kukaa bila mto unaofaa huleta vidonda vya mgandamizo ambavyo huweza kumuua mtu asiyehisi miguu yake, hayo hayataonekana kwenye picha. Wala hayataonekana magurudumu yale madogo ya mbele yakizama kwenye mchanga wa Bulla Pesa hatua kumi kutoka kwenye turubai, maana wakati huo mpiga picha yuko kwenye pilau.

Jihadhari na vya kutengenezwa nchini. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kipo tangu 1958, na karakana zake, ikiwemo ya Bombolulu kule Mombasa, hutengeneza viti na baiskeli za mikono kwa kuzingatia barabara zetu. Vikiharibika, fundi wa mtaani anaweza kuvichomea na kubadilisha beringi. Sasa fikiria mwaka ujao: viti vyote vinafanya kazi, hakuna wa kumkabidhi, fulana zimeshachapwa. Kiti cha kung'aa kinachovunjika baada ya masika mawili ndicho kinachoihakikishia kamati uhai.

Na usimwulize mtu anahitaji nini. Watakuaibisha kwa mahitaji madogo. Mmoja atasema anataka rampu ya saruji mlangoni kwa kinyozi anapofanya kazi. Mwingine choo chenye mlango mpana. Mwalimu mmoja atataka darasa lihamishwe kutoka kwenye jengo lenye ngazi kwenda lile lisilo na ngazi, jambo ambalo halihitaji hata senti. Utampigaje picha mgeni rasmi akizindua darasa lililohama? Mifuko michache ya saruji haivaliwi utepe.

Hatua ya saba: hotuba

Iwe fupi, ilie katikati. Anza na salamu zote, malizia na "dada yangu amenifundisha kutokata tamaa." Usiseme alikufundisha lini wala kwa njia gani, ukweli kwamba alikufundisha kuendesha baiskeli yenyewe, akiwa ameketi chini ya mwarobaini na kupiga kelele "tazama mbele, usitazame gurudumu!", ni habari ya ndani. Vilevile usitaje kwamba karo yako ya kidato cha nne ilitoka kwenye madumu. Ukisimulia hayo, watu watageuka kumtazama yeye.

Maikrofoni asipewe. Akiiomba, chomoa betri. Wapo waliothubutu kuwapa ndugu zao dakika mbili, na ndugu wakazitumia zote kuuliza mahesabu.

Kuhusu mahesabu, yaandike kwa mpangilio huu: fulana, bango, mafuta ya Probox, medali, mbuzi wa mgeni rasmi, kukodi viti vya plastiki na turubai, droni, na shughuli nyinginezo. Kinachobaki ndicho msaada. Kikibaki kidogo, kiite "awamu ya kwanza." Zile ahadi za harambee zilizotamkwa kwa sauti kubwa usizihesabu kama pesa, wenye ahadi wana namba zao za simu na wanajua kuzizima.

Jioni hiyo, watu wakishaondoka, dada yako atakuita. "Mdogo wangu, njoo ukae." Mjibu, "Dada, nimechoka, tutaongea kesho." Kesho ana maziwa, atakuwa ameondoka kabla hujaamka. Hivyo ndivyo hesabu nyingi za hisani hufungwa katika nchi hii, bila ugomvi, na wakaguzi hawajawahi kugundua.

Kama utaamka mapema kwa bahati mbaya, utamkuta nje anafunga madumu, kwa sababu safari ya hisani haikumpunguzia hata kilomita moja. Mnyororo wa baiskeli yake umelegea, na fundi amemwambia hautafika Ramadhani. Raba ya mpini wa kushoto imeisha, amefunga kitambaa. Kiti kimeshonwa upya kwa gunia. Mimi ni mshauri wa wavivu, siwezi kukwambia ufanye nini na mabaki ya pesa za medali. Nakupa vipimo tu. Mnyororo ni ule wa kawaida wa Black Mamba, unapatikana kwa wauza vipuri wowote mjini. Matairi ya nyuma ni ya inchi 28. Yako mawili, na yote yameisha.